Bastola imeanza kukwama baada ya kubadilishiwa vipuri: soma dalili kwanza

Kama bastola yako ilikuwa inapiga vizuri na vipuri vya kiwandani, na sasa inakwama baada ya kufungwa kitu kipya, mshukiwa wa kwanza ni hicho kitu kipya. Kazi ya kumtafuta mkosaji ingekuwa ndogo kama watu wangebadilisha kipuri kimoja kwa wakati. Hawafanyi hivyo. Kifurushi kinafika, ndani mna kasiba (mtutu), springi, triga na kilengeo cha nukta nyekundu, na kabla jua halijazama vyote vimeshafungwa. Kesho yake uwanjani analaumiwa muuza risasi.

Mifano mingi hapa ni ya Glock 17 na 19, kwa sababu soko la vipuri limejaa vitu vyake na ndizo zilizo mikononi mwa wenye leseni wengi, awe Nairobi au Houston. Mwenye Ceska (CZ 75) nitamgusia pale mambo yanapotofautiana.

Kabla ya kugusa spana: toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele) hadi mwisho mara kadhaa, ishike wazi, tazama ndani ya chemba, yaani nyuma ya kasiba risasi inapokaa, kwa jicho kisha hakikisha kwa ncha ya kidole kidogo. Risasi zote zitoke chumba hicho, si kusogezwa upande wa pili wa meza. Majaribio yote ya mezani yafanywe kwa risasi bandia za plastiki. Na vipuri vya kiwandani usivitupe wala kuviuza. Vifunge kwenye mfuko mmoja. Hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha ugonjwa uko wapi: unarudisha kimoja, unapiga magazini mbili tatu, unatazama kama dalili imeondoka, ndipo unashika kingine.

Jambo la sheria, kwa ufupi. Kwenye Glock namba ya usajili imepigwa kwenye fremu, slaidi na kasiba. Ukiwa Kenya au Tanzania, ambako leseni inaitaja silaha yenyewe kwa namba yake, kasiba au slaidi isiyo na namba hiyo inaweza kukuweka pabaya siku ya ukaguzi. Uliza wanaotoa leseni kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika bandarini. Vilengeo havina shida hiyo ya namba, lakini kuuliza hakugharimu. Walioko Marekani nao waangalie sheria ya jimbo lao: California, kwa mfano, bastola inayojipakia yenyewe kwa magazini ya kuchomoa ikiwa na kasiba yenye hesi mdomoni inaingia kundi la silaha zilizopigwa marufuku.

Matundu yako pamoja, lakini si pale ulipolenga

Hii ndiyo dalili ya kawaida zaidi baada ya kubadilisha vilengeo vya chuma, na ndiyo wengi huitibu vibaya. Jiulize kwanza kama ni bastola au ni mkono. Weka mfuko wa mchanga mezani, egemeza mikono (si kasiba), piga risasi tano polepole kwa mita 15. Kisha mpe mtu mwingine anayejua kulenga naye apige tano. Zake zikienda palepale zilipoenda zako, ni vilengeo. Zikienda katikati, usiguse kitu. Mtu wa mkono wa kulia ambaye risasi zake zinaanguka chini kushoto mara nyingi anabana kiganja kizima anapovuta triga, na kumsogezea kilengeo ni kumfundisha kosa lake.

Ikithibitika ni vilengeo, kanuni ni hii: kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi ziende, cha mbele kinasogezwa kinyume. Risasi zinapiga chini? Unahitaji cha nyuma kirefu zaidi au cha mbele kifupi zaidi. Kiasi gani? Chukua kosa kwa milimita, zidisha kwa umbali ulio kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, gawanya kwa umbali wa shabaha. Glock 17 ina milimita 165 kati ya vilengeo. Ikipiga sentimita 8 chini kwa mita 15, hesabu ni 80 mara 165, gawanya kwa 15,000, unapata milimita 0.88. Si hata unene wa sarafu.

Glock wenyewe hutengeneza kilengeo cha nyuma kwa urefu tofauti: 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3, zote milimita, na cha kawaida ni 6.5. Kila hatua ni milimita 0.4, ambayo kwa mita 15 inapandisha risasi kama sentimita 3.6. Kwa hiyo wa sentimita 8 chini anahitaji 7.3, na tatizo lake kimsingi limekwisha bila kupiga tupa kitu chochote. Watu huagiza seti nzima mpya ya bei kubwa kwa kosa ambalo kipande kimoja cha plastiki kingelimaliza.

Badilisha pia aina ya risasi kabla ya kuamua. Risasi nzito ya 9 mm ya greni 147 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) mara nyingi hupiga juu kuliko ya greni 115 kwa bastola ileile, kwa sababu inakaa ndani ya kasiba muda mrefu kidogo huku mdomo ukiwa unapanda.

Kama kosa ni la kulia au kushoto tu, cha nyuma kimekaa vibaya kwenye mfereji wake. Kisogeze kwa kifaa cha kusukumia vilengeo, au kwa jiliwa yenye midomo iliyofunikwa mbao, nyundo ndogo na pini ya shaba nyeusi au nailoni. Weka alama kwa penseli kabla hujagonga. Kilengeo kipya kikikataa kuingia, piga tupa kitako cha kilengeo, polepole, ukijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Usiguse mfereji wa slaidi kwa tupa. Kilengeo kinanunuliwa tena. Mfereji uliopanuka haurudi.

Cha mbele kikitikisika au kikiruka kabisa, sababu karibu kila mara ni mafuta. Kilengeo cha mbele cha Glock kinashikwa na skrubu ndogo kutoka ndani ya slaidi, na fundi wa haraka anaipaka Loctite juu ya mabaki ya mafuta ya kiwandani. Gundi hiyo haigandi kwenye mafuta. Safisha hesi zote mbili kwa spiriti, ziache zikauke, tone moja la Loctite ya buluu, kaza kwa mkono bila ubabe, kisha iache saa 24. Ile nyekundu iache kwa mafundi wa injini. Wenye CZ 75, ambayo Wakenya wengi wanaiita Ceska tu, cha mbele chao hushikwa na pini nyembamba ya kupita ubavuni, kwa hiyo wao watafute pini iliyopinda au tundu lililolegea.

Vilengeo vya usiku vilivyofifia havijaharibika. Tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 na ushei, basi ukinunua bastola iliyotumika, uliza mwaka wa vilengeo kabla ya kusifia bei. Vijichupa vyake usivipasue kuona kilichomo.

Nukta nyekundu inatembea, inapotea, au ina umbo la ajabu

Umbo kwanza, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu dukani kwa hasira. Nukta inaonekana kama koma, au kama ua lenye miale. Ipige picha kwa simu ukiwa umeweka mwanga wa kiasi. Picha ikionyesha nukta duara safi, kioo chako ni kizima na jicho lako ndilo lenye kasoro ya kawaida ambayo miwani husahihisha. Punguza mwanga wa nukta; mara nyingi inatosha.

Nukta ikiwa na ukungu au imegawanyika hata kwenye picha, tazama kitundu cha taa nyuma ya kioo. Kwenye vilengeo vya wazi kama Trijicon RMR au Holosun 507C, tone la mafuta, uzi wa shati au jasho likiketi pale linachafua nukta yote. Pamba ya masikio na maji safi kidogo. Watu wa Mombasa na Dar wana lao la ziada: ukishuka kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi kikali, kioo kinajaa mvuke papo hapo. Subiri kioo kipate joto la nje, au uende kwenye vilengeo vilivyofungwa pande zote kama Aimpoint ACRO, ambavyo angalau taa yake haiguswi na mvuke wala vumbi.

Nukta inayozima risasi inapotoka na kuwaka tena yenyewe ni betri inayocheza. Kila mshtuko unaisukuma betri iachane na ncha zake. Badilisha betri kwa ya kampuni inayojulikana, kwa sababu CR2032 za bei ya karanga zina vipimo vya kubahatisha, na safisha ncha za chuma. Kama kilengeo chako kinafunguliwa chini ili kubadili betri, kumbuka kuhakiki tena mahali nukta inapopiga kila unapokirudisha.

Sasa kutembea. Umerekebisha nukta, magazini ya kwanza imepiga katikati, ya tatu iko kushoto kwa sentimita 10. Usizungushe vile viskrubu vya marekebisho! Kwanza jua kama kuna kitu kimelegea. Chora mstari wa rangi nyeupe kuanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo, na mwingine kutoka bamba hadi slaidi. Piga magazini mbili. Mstari uliokatika unakuonyesha kilichosogea. Kwenye Glock za MOS, yaani zenye slaidi iliyochongwa kiwandani ili kupokea kilengeo cha nukta juu ya bamba, ambazo zilianza kuuzwa 2015, kuna seti mbili za skrubu: za bamba kwenye slaidi na za kilengeo kwenye bamba, na wengi hukaza za juu wakasahau za chini. Tumia bisibisi inayopima nguvu. RMR inakazwa kwa pauni-inchi 12, yaani karibu Nm 1.4, nguvu ndogo kuliko mkono unavyopenda. Hesi safi, Loctite ya buluu, saa 24, kama ilivyokuwa kwa kilengeo cha mbele.

Mistari ikiwa mizima na nukta bado inatembea, kilengeo chenyewe kimekufa au hakikuwa kilengeo cha bastola toka mwanzo. Kuna nakala tele zenye sura na jina la RMR zilizotengenezwa kwa bastola za hewa za michezo. Zinang'aa vizuri mezani. Slaidi ya 9 mm inayorudi nyuma na mbele inazimaliza mapema. Bei ikiwa ni sehemu ndogo ya bei ya kweli, jibu unalo.

Ukishahakikisha hakuna kilicholegea, ndipo urekebishe. Vingi vya aina hii husogea MOA 1 (kipimo kidogo cha pembe) kwa kila mlio mmoja wa kiskrubu cha marekebisho, ambayo ni milimita 7 hivi kwa mita 25, na 4.4 kwa mita 15.

Halafu kuna yule anayechomoa bastola na nukta haipo kabisa dirishani. Kilengeo ni kizima. Mdomo wa bastola umeelekea juu. Ni mazoezi ya mshiko, hakuna kipuri kinachouzwa cha kutibu hilo.

Ganda linabaki chembani baada ya kufunga kilengeo cha nukta

Tatizo hili linastahili nafasi yake kwa sababu halieleweki mpaka uonyeshwe. Jamaa mmoja wa klabu alikuwa na Glock 19 iliyokuwa haijui kukwama. Baada ya kufungwa kilengeo, kila risasi ya tatu au ya nne ganda lilikatalia chembani na risasi mpya ikaja kulipiga mgongoni. Alishabadilisha ndoana ya kuvutia ganda na springi yake, na alikuwa anafikiria kuuza bastola.

"Kaka, hizi skrubu zilikuja na kilengeo au na bamba?" nilimuuliza.

"Sijui, zilikuwa kwenye mfuko mmoja."

Tulifungua skrubu ya kulia. Ncha yake ilikuwa na kidoa kinachong'aa, rangi nyeusi imesuguliwa ikaisha, pana kama kichwa cha pini. Kwenye Glock, upande wa kulia wa slaidi, chini kidogo ya tundu hilo, ndipo unapopita ufito wa springi unaoisukuma ndoana. Skrubu ikizidi urefu kwa chini ya milimita moja, inaugandamiza ufito huo na ndoana haina nguvu tena ya kushika ganda. Tulipiga magazini mbili na skrubu ya kushoto peke yake kwa ajili ya jaribio, na hakuna ganda lililobaki. Alinunua skrubu fupi.

Jipime mezani: ikiwa imefungwa kila kitu, sukuma ndoana kwa nje kwa kijiti cha mbao. Inapaswa kuachia na kurudi kwa nguvu. Ikiwa ngumu kama jiwe, au imelegea hairudi, fungua skrubu ya kulia kabla hujanunua chochote.

Triga imevutwa, fataki ina kidoti, risasi haikulipuka

Elekeza mdomo wa bastola kwenye shabaha, hesabu taratibu hadi 30, ndipo uitoe risasi. Kisha itazame. Kidoti kifupi, chepesi kwenye fataki (kile kiduara kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) maana yake pini ya kugongea fataki imegonga kwa unyonge. Umeweka springi laini ya pini ili triga iwe nyepesi? Rudisha ya kiwandani na habari imekwisha. Uzito wa triga ya Glock wa kawaida ni kama kilo 2.5, na springi hizo nyepesi zinakata sehemu yake kwa kupunguza nguvu ya pigo lenyewe. Kuna risasi zenye fataki laini zitakazolipuka, na kuna zenye fataki ngumu, hasa zile za kijeshi, zitakazokuacha mikono mitupu. Kwenye Ceska zenye nyundo ni kisa kilekile, ila mkosaji ni springi ya nyundo iliyolainishwa.

Kama springi ni ya kiwandani, safisha mfereji wa pini. Unatakiwa kuwa mkavu kabisa. Mafuta yaliyomwagwa humo huchanganyika na masizi na kuwa tope linaloipunguza kasi pini.

Kidoti kikiwa pembeni badala ya katikati, slaidi haikuwa imefunga vizuri. Hapo hamia dalili inayofuata.

Slaidi haifungi hadi mwisho, au ganda linasimama wima mlangoni

Kasiba nyingi za dukani zina chemba inayobana kuliko ya Glock. Watu huzinunua kwa sababu mbili halali: kuongeza usahihi, na kupiga risasi zenye kichwa cha ledi (madini ya risasi) kisichovikwa shaba, ambazo Glock hawataki zipite kwenye kasiba zao za kiwandani. Sababu ya tatu ni rangi ya dhahabu, na hiyo haisogezi tundu hata milimita. Toa kasiba, elekeza mdomo wake chini, dondosha risasi kwenye chemba. Inapaswa kuingia kwa mlio mfupi, izunguke kwa kidole bila kukwaruza, na itoke kwa uzito wake ukigeuza. Fanya hivi ukiwa na kasiba mkononi, bastola ikiwa imefumuliwa. Ikikwama, jaribu risasi ya kiwanda kingine. Ikikwama nayo, kasiba irudi ilikotoka.

Kama chemba haina neno, angalia springi kubwa ya slaidi. Bastola ikiwa tupu na imehakikiwa, elekeza mdomo juu, vuta triga na uishikilie, vuta slaidi nyuma, kisha irudishe polepole kwa mkono. Springi nzuri itaifunga slaidi yenyewe hadi mwisho. Ikibaki imefunguka kidogo, ni nyepesi mno au imechoka, na kilengeo cha gramu 34 hivi juu ya slaidi kinaiongezea mzigo.

Ganda kusimama wima kama bomba la jiko mlangoni ni kinyume chake: slaidi hairudi nyuma vya kutosha. Ukifunga kipunguza mshtuko mdomoni, gesi inayotoka juu inaiibia slaidi nguvu. Ukiongeza risasi dhaifu za greni 115 na springi nzito, umejenga bastola ya kupiga moja moja. Jaribu risasi za greni 124 zenye nguvu kamili kwanza, na kabla ya kununua springi laini mpe mtu mwingine mwenye mshiko imara apige. Mkono legevu hutoa dalili hiyohiyo.

Slaidi haibaki wazi magazini ikiisha

Ni kidole gumba, kikikandamiza kitufe kirefu cha kuzuia slaidi ulichofunga. Kama sicho, ziwekee magazini zako namba kwa rangi. Tatizo likimfuata namba 2, ni springi ya namba 2. Vitako vya magazini vya kuongeza risasi vinahitaji springi ndefu zaidi, na wauzaji wengine hawaiweki kwenye paketi.

Triga

Hapa sipendi ufundi wa mezani. Triga nyingi za dukani hufupisha mwendo wa kwanza, na mwendo huo una kazi za usalama ndani yake. Isiporudi baada ya kufyatua, au ikihitaji kusukumwa mbele kwa kidole, rudisha konekta (kibati kinachosaidia triga kuachia pini) na triga vya kiwandani.

Kuna ukaguzi mmoja ambao kila aliyegusa triga au pini aufanye. Ukiwa na slaidi mkononi, imetolewa kwenye fremu, sukuma mkia wa pini kuelekea mbele bila kugusa kile kidude cha duara cha usalama. Ncha ya pini haitakiwi kuchomoza. Ikichomoza, usiijaze bastola hiyo risasi.

Na ikitokea, hata mara moja, bastola kupiga risasi mbili kwa mvuto mmoja, au kufyatuka slaidi inapojifunga, usirudie ili "kuona kama kweli". Toa magazini, toa iliyo chembani, acha slaidi wazi, ifungie kwenye mkoba wake na uipeleke kwa fundi mwenye leseni pamoja na ule mfuko wa vipuri vya kiwandani. Mtajie kila kitu ulichobadilisha, hata kile unachoona aibu kukitaja.